Hakuna Aliyeuliza Amefunga Nini

Jumanne, siku ya kumi na tisa ya Ramadhani iliyopita, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza kaka yangu Athumani, ndugu yangu wa tumbo moja na wa pekee.

Mliokuja matangani mliniuliza kilichotokea, nami nikawajibu neno moja, "tumbo". Sikuwa na nguvu ya zaidi. Kisha nikawasikia ukumbini mkisema kwamba Athumani amekufa na saumu yake, kwamba ni kifo cha bahati, na kwamba wachache hujaliwa kuondoka hivyo. Niliwaacha mseme. Sasa nguvu imerudi, na nguvu yenyewe ni hasira, kwa hiyo naandika.

Kutoka kwetu Shauri Moyo hadi hospitali kubwa, mtu mwenye miguu mizima akitoka baada ya chai ya asubuhi hufika kabla jua halijawa kali. Sisi tulitoka Ijumaa asubuhi, tukafika Jumamosi jioni. Habari za kadi, fomu na mihuri naziruka. Nitaeleza njia tu, na watu tuliokutana nao.

Shauri Moyo hadi Makongeni, kwa mkokoteni

Wengi wenu mmenunua masanduku ya bati ya kaka, yale ya watoto wanaokwenda shule za bweni. Kwa miaka miwili tumbo lilikuwa likimjia na kuondoka. Likija alijikunja siku mbili tatu bila kula, likiondoka alirudi kwenye nyundo. Zahanati walimpa dawa ya taifodi, kisha ya minyoo, kisha ya vidonda vya tumbo, kisha wakarudi kwenye taifodi. Huku kwetu tumbo lolote ni taifodi. Alikonda. Mshipi wake aliutoboa matundu mapya matatu kwa msumari wa kazi.

Jumatatu ya wiki iliyotangulia kifo chake tumbo lilikuja na halikuondoka. Jumanne aliacha kufunga, kwa sababu mgonjwa ana ruhusa, na Jumatano alikunywa uji kwa jirani yetu Mama Kamau, akautapika. Ijumaa asubuhi tumbo lilikuwa limeinuka katikati, gumu, kana kwamba mtu amemwekea bakuli chini ya ngozi. Alichotapika kilikuwa cha kijani.

Gari halikuweza kuingia kwa sababu ya mtaro wa mabomba uliochimbwa mbele ya nyumba zetu na kuachwa wazi. Ochieng', fundi mwenzake, alileta mkokoteni wanaobebea masanduku, akautandikia godoro.

"Niaje, Athu. Leo wewe ndio mzigo?"

"Mzigo mbovu. Usiniangushe, nina kutu."

"Sanduku gani hili halina hata mpini?"

"Sanduku limejifunga, Ochi. Ufunguo uko ndani."

Ochieng' alicheka, kisha akaacha kucheka. "Tangu lini?"

"Jumanne."

"Hata upepo?"

"Hata upepo."

Mimi nilikuwa nyuma nimebeba chupa ya maji, na nilijifanya sikusikia. Kwetu dada hasikii habari za choo cha kaka yake, sembuse kuzitaja. Marehemu mama alitulea tuseme "haja", na hata hiyo kwa sauti ya chini, uso ukitazama pembeni. Ndivyo nilivyo mpaka leo, mwanamke wa miaka arobaini na minane anayeuza mahamri barazani na kuitwa Mama Swaleh na mtaa mzima.

Naomba mkumbuke kwamba Ochieng' aliuliza maswali mawili, na ndiyo yaliyohitajika. Ochieng' ni fundi wa bati.

Benchi la zahanati

Mlinzi wa zahanati ya Makongeni alituzuia langoni.

"Mzigo hauingii."

"Mzigo ni mtu," Ochieng' akamwambia.

"Basi mtu aingie, mkokoteni ubaki."

Mkokoteni ukiachwa peke yake barabarani hauko tena, kwa hiyo Ochieng' alibaki nao. Mimi na kaka tukaingia, ameniegemea, tukakaa kwenye benchi. Tulikaa mpaka karibu adhana ya Ijumaa ndipo tukaitwa mbele ya sista. Foleni nzima ilikuwa nyuma yetu inasikia kila neno, maana meza yake iko ukumbini. Nitayaandika mazungumzo yale kama yalivyokuwa, kwa sababu nimeyarudia kichwani kila siku.

"Anaumwa na nini?"

"Tumbo, sista. Na anatapika."

"Anakula?"

"Hali. Amefunga."

Sista alitazama buibui langu, akatazama kofia ya kaka.

"Amefunga, na anatapika?"

"Ndiyo, sista."

"Na nyinyi nyumbani mnamtazama tu?"

"Sasa tungefanyaje?"

Akamgeukia kaka, aliyekuwa amefumba macho. "Mzee, ni kweli umefunga?"

"Nimefunga, sista," kaka akasema. "Kabisa."

"Nyinyi watu mtakufa na dini yenu," sista akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyomgombeza mtoto aliyecheza kwenye mvua. Kisha akaandika mstari mmoja wa Kizungu kwenye daftari letu la matibabu.

Nilidhani ameelewa, na hayo ya dini niliyachukua kuwa masimango tuliyoyazoea. Niliacha shule darasa la saba, na maandishi ya hospitali siyawezi. Na zaidi ya hapo, naandika hili kwa aibu, nilimshukuru Mungu kwamba sikulazimika kulitaja lile neno mbele ya wanaume waliokuwa kwenye foleni.

Foleni nayo ikatoa maoni yake. Mwanamume mmoja mwenye bandeji mkononi alisema hata kanisani kwao, wakati wa Kwaresima, mgonjwa anasamehewa. Mama mmoja akasema Mungu hana haja na njaa ya mtu. Nikaona ni maneno ya watu waliochoka kusubiri. Sikuunganisha.

"Hapati dawa hapa mpaka afungue mbele yangu," sista akasema. "Mna chai?"

Yule mama alikuwa na chupa ya chai na mkate uliopakwa siagi. Akammiminia kaka kikombe, mkono wake mwema kabisa. Kaka akaninong'oneza, "Zena, hii chai itafungua?"

"Amesema itafungua," nikamjibu.

Basi akanywa. Kaka alikuwa mtu wa adabu, hakupenda kumvunja moyo aliyempa kitu. Alikunywa vikombe viwili na kula nusu ya kipande cha mkate, anameza kama mtu anayemeza mawe, na foleni ikamsifu. Sista akatabasamu. "Unaona sasa?"

Havikukaa. Vilirudi vyote sakafuni, vya kijani kibichi, na harufu ambayo kila mtu pale aliijua ni ya nini. Mwenye kusafisha alikuja na ndoo akilalamika. Watu waliinua miguu. Hata hapo hakuna aliyejiuliza harufu ile inatafuta nini kwenye kinywa cha mtu.

"Ni njaa hiyo," sista akasema. "Tumbo likizoea utupu hukataa chakula."

Alitupa vidonge vya kutuliza asidi na barua ya kwenda Donholm kesho yake kupigwa picha ya tumbo. Mkono wake haukumgusa kaka tumboni, hata juu ya shati.

Tulirudi nyumbani kwa mkokoteni uleule. Ochieng' aliuliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia wamesema tukapige picha. Akauliza, "Umewaambia amefunga?" Nikamwambia, "Nimewaambia."

Donholm, kwa tuktuk

Hospitali kubwa iko upande wa mjini. Donholm iko upande wa pili kabisa. Jumamosi asubuhi tulimpakia kaka kwenye tuktuk, tukaipa hospitali mgongo. Mama Kamau alifunga kibanda chake cha mboga ili aje nasi. Yeye alikuwa katibu wa akina mama kanisani kwao, anasoma Kizungu vizuri, na hana haya na mtu.

Barabara ya Jogoo kaka aliihesabu kwa matuta. Kila tuta aliuma mkono wa shati lake. Dereva aliona kwenye kioo, akaanza kupunguza mwendo kabla ya kila tuta, na wenye magari nyuma wakampigia honi na kumtukana mpaka barabara ya Outer Ring. Hakuwajibu hata mmoja. Jina lake sikuuliza, na najuta.

Kwenye chumba cha picha kulikuwa na bwana mmoja mpole mwenye miwani. Alifungua daftari, akasoma, akasema, "Vizuri, amefunga. Tumbo tupu hutoa picha nzuri." Akampaka kaka yale mafuta baridi, akaanza kuzungusha kifaa chake. Alizungusha muda mrefu. Alisema anaona gesi nyingi. Alisema matumbo yamejikusanya pamoja katikati, kama nguo zilizoviringishwa, wala haelewi ni kwa nini.

Mama Kamau alikuwa amelichukua daftari mezani. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mama Swaleh, mbona hapa wameandika Athumani yuko kwenye saumu?"

"Wameandika nini?"

"Wameandika anafunga Ramadhani. Na Jumatano si alikunywa uji kwangu? Wewe uliwaambia nini?"

"Niliwaambia amefunga."

Alinitazama. "Amefunga nini?"

Ilikuwa siku ya pili ya safari, na ndiyo mara ya kwanza mtu kuuliza. Nikashindwa kutamka. Nilionyesha tu kwa mkono, chini, kisha nikainua vidole vitano.

"Ngai! Siku tano mtu hajaenda choo, na wewe unasema amefunga?"

"Kwetu ndivyo tunavyosema."

"Kwenu ndivyo mnavyosema, na kwao ndivyo walivyosikia!"

Kaka, mafuta yakimng'aa tumboni, akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika mbavu, machozi yakimtoka kwa maumivu. "Kumbe wamenidhani mcha Mungu," akasema. "Na ile chai ilikuwa futari."

Bwana wa miwani hakucheka. Alirudisha kifaa tumboni, safari hii kwa uso mwingine. Kisha akaandika ukurasa wa pili kwa herufi kubwa, akatoka mwenyewe mpaka duka la jirani kuomba gari. "Msirudi zahanati," akatuambia. "Msimpe hata maji. Nendeni hospitali kubwa sasa hivi."

Hospitali kubwa

Gari lilirudi kwa njia tuliyojia. Tulipita Makongeni, mbele ya lile lango la zahanati. Tulipita Shauri Moyo, tulikotoka jana yake asubuhi. Niliona paa la nyumba yetu. Siku nzima na nusu ilikuwa imetumika kutuleta mahali tulipoanzia.

Hospitalini kaka alilazwa kwenye machela ukumbini. Karani wa zamu alifungua daftari ukurasa wa kwanza. Hakugeuza. Nilimwona akisoma ule mstari wa sista.

"Huyu amefunga tu. Mwekeni ukutani, kuna wenye dharura."

Mama Kamau alianza kumweleza kwa Kizungu. Karani akamwinulia kiganja. "Mama, subiri zamu."

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Sijawahi kupiga kelele mbele ya watu maishani mwangu, hata siku ya kuzaa. Nilisema, "Hajafunga saumu! Amefunga choo! Kaka yangu hajanya siku tano!"

Ukumbi wote uligeuka kunitazama. Mtu mmoja kwenye kona akacheka, kisha akaona hakuna anayemsaidia. Kaka alifumbua jicho moja.

"Zena," akasema, "mama angekuchapa."

Lakini machela ilisogea. Daktari mmoja alikuja, akaweka mkono wake juu ya tumbo la kaka, na uso wake ukabadilika papo hapo. Alimbonyeza mara moja tu. Dakika hiyohiyo walimpitisha mpira puani mpaka tumboni, na yale maji ya kijani yakaanza kushuka kwenye mfuko, ukajaa, wakabadilisha, ukajaa tena. Kaka akavuta pumzi ndefu. "Afueni," akasema. Lilikuwa neno dogo, na lilihitaji mkono wa mtu na mpira mmoja tu. Vyote viwili naamini vilikuwepo Ijumaa saa mbili asubuhi, kama tungetumwa huku moja kwa moja.

Walimpasua Jumapili asubuhi. Daktari aliyempasua ni mama mmoja mfupi wa sauti ndogo. Alipotoka alinikalisha, akanieleza kwa Kiswahili, bila haraka, na yeye peke yake sina la kumlaumu.

Alisema matumbo ya kila mtu yamefunikwa na utando mwembamba. Wa kaka ulikuwa umevimba kwa muda mrefu, pengine miaka ile yote miwili, ukawa mnene na mweupe, ukayazunguka matumbo yote na kuyabana pamoja kama yamewekwa ndani ya mfuko. Chakula hakikuwa na pa kupita.

"Yaani yalikuwa yamefungwa," nikasema.

"Yalikuwa yamefungwa kabisa, mama. Ni ugonjwa wa nadra. Mimi katika kazi yangu nimeuona mara mbili tu. Wakati mwingine hutokana na kifua kikuu cha tumbo, wakati mwingine hatujui chanzo. Yeye tumemchukulia vipimo."

Alisema alikuwa ameuchana ule mfuko kidogo kidogo. Alisema kipande cha utumbo kilikuwa kimekwisha kufa, akakikata, na sumu ilikuwa imeingia kwenye damu.

Nikamwuliza, "Kama tungefika Ijumaa?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Ningekuwa na nafasi nzuri zaidi. Siwezi kukuapia kwamba angeishi."

Nimeliandika hilo kama alivyolisema, kwa sababu sitaki kumwonea mtu, hata sista. Lakini nafasi ile ilikuwa ya kaka. Ilikuwa mali yake.

Jumatatu aliamka. Midomo ilikuwa mikavu. Akaniuliza, "Limefunguka?"

"Limefunguka," nikamwambia. Haukuwa uongo. Ila sikumwambia yaliyobaki.

"Mwambie Ochi ufunguo umepatikana."

Jumanne, kama nilivyosema, kabla ya adhuhuri.

Kurudi Shauri Moyo

Wanaume walimzika siku ileile kabla ya magharibi. Ochieng' si Mwislamu lakini alilishika jeneza kuanzia mtaroni mpaka makaburini, na hakuna aliyethubutu kumbadilisha. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Mama Kamau ndiye aliyekoroga uji wa futari wa watu wote, sufuria tatu.

Na hapo ukumbini ndipo nilipoyasikia yale maneno. Amekufa na saumu yake. Sijui nani alianza. Labda mtu aliniona nikibeba lile daftari akalisoma. Ule mstari wa sista ulitufuata mpaka Donholm, ukatufuata hospitali kubwa, kisha ukaingia matangani ukawa sifa. Sasa mnajua. Kaka hakufa na saumu yake. Aliiacha siku ya Jumanne kwa ruhusa ya dini yake, na alitaka kuishi.

Makongeni tena, kwa miguu

Wiki moja baada ya Idi nilichukua daftari, nikaenda zahanati kwa miguu. Nilipanga foleni kama mgonjwa. Sista alikuwa yuleyule, kwenye meza ileile.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Amekufa."

Alifungua daftari, akasoma mwandiko wake mwenyewe. "Huyu ni yule mzee aliyekuwa amefunga."

"Alikuwa amefunga choo."

Alisoma tena. Aligeuza ukurasa, akasoma yale ya Donholm, akasoma na ya hospitali mpaka mwisho. Muda wote huo sikutoa macho usoni kwake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mengi ya kumwambia.

"Wewe ulisema amefunga," akasema.

"Nilisema."

"Hukusema choo."

"Sikusema. Na wewe hukuuliza amefunga nini."

Mtu nyuma yangu akasema, "Mama, maliza tuendelee." Sista alinirudishia daftari. Hakuniambia pole, nami sikuisubiri. Kisha akaita anayefuata.

Alikuwa mama wa makamo aliyemshika baba yake mzee. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia sista akiuliza anaumwa na nini, na yule mama akijibu ni tumbo.

"Anakula?"

"Kidogo sana."

Kalamu ya sista ilisimama.

"Na choo anapata?"

Yule mama aliinamisha uso, akageuka kuwatazama watu waliokuwa nyuma yake. Nilisimama pale mlangoni mpaka akajibu.